Kununua mchoro wa kuchekesha kwenye mnada wa Uswisi: gharama, mitego na mambo ya kukagua

Ukifungua katalogi ya mnada wa sanaa ya Uswisi, iwe ya Bern, Zürich, Luzern au Basel, ukishapita kurasa za milima na maziwa utakutana na kundi dogo lenye tabia yake. Wazee wanne wako mezani na mmoja anachungulia karata za jirani. Mtawa amesinzia kando ya pipa la mvinyo. Askari wanamenya viazi huku koplo wao akikoroma. Ng'ombe ameingiza kichwa kwenye dirisha la darasa. Ni michoro ya rangi za mafuta, mingi ya kati ya 1900 na 1980, na makisio ya bei yake aghalabu huanzia faranga mia kadhaa hadi elfu chache. Ferdinand Hodler, mchoraji mashuhuri wa Uswisi, hatumwezi, lakini hawa wazee wa karata tunawamudu, au ndivyo tunavyojiambia. Wanaonunua kwa mara ya kwanza huumia hapahapa, na mara chache sababu ni ulaghai. Mchoro ukishakuchekesha, macho yanaacha kuukagua.

Kabla ya kuuliza bei, uliza kicheko kinatoka wapi. Kuna michoro ambayo utani wake ni kisa, na ukishakielewa umemaliza. Kuna mingine ambayo utani umo ndani ya rangi yenyewe, namna mkono ulivyoirefusha pua au kukipinda kiti. Kielelezo cha aina hii ya pili ni Varlin, jina la kisanii la Willy Guggenheim (1900–1977), mzaliwa wa Zürich aliyemalizia maisha yake Bondo, karibu na mpaka wa Italia. Watu wake wamekaa vibaya, suti zimewashinda, vyumba vimechakaa. Unacheka, kisha unaona haya kidogo kwa kucheka. Mwandishi wa tamthilia Friedrich Dürrenmatt alikuwa rafiki yake, na chumba chake cha kuandikia kilitundikwa mchoro mkubwa wa Varlin wa watu wa Jeshi la Wokovu. Dürrenmatt naye alishika brashi: mwaka 1966 alichora kwa rangi za mafuta mkutano mkuu wa mwisho wa benki ya kubuni, ambamo wakubwa wanajiua kwa pamoja. Ucheshi wa Uswisi una upande huo mchungu, na katalogi haziuonyeshi sana.

Aina ya kwanza, ya kisa, ndiyo iliyojaa minadani. Hakuna ubaya kuinunua, ila iweke picha yake kwenye simu kwa juma zima kabla ya mnada na uitazame kila siku. Utani ukishapoa, tafuta kilichobaki: mwanga unaoingia dirishani, mikono iliyochorwa kwa uangalifu, glasi inayong'aa mahali panapostahili. Max Buri (1868–1915), mchoraji wa wanavijiji wa Brienz, ana sura zinazochekesha kwa mbali, lakini rangi zake bapa na mistari yake mizito inaendelea kushika jicho hata usipocheka tena. Kwa upande mwingine, wachora vibonzo waliogusa mafuta mara mojamoja huwa dhaifu kwenye turubai kuliko kwenye karatasi. Jarida la utani la Nebelspalter, lililoanzishwa Zürich mwaka 1875, lilizalisha wachoraji wengi wa namna hiyo. Fritz Boscovits (1871–1965) ni mmoja wa wachache waliofanya kazi zote mbili kwa uzito, kibonzo na uchoraji. Ukikuta jina la mchora vibonzo chini ya mchoro wa mafuta, linganisha na michoro yake ya wino kabla ya kupandisha dau.

Kuna pia utani ambao hatuujui, na humo ndimo zilimo dalili za kutufaa. Jass, mchezo wa karata wa Waswisi, una karata 36. Katikati na mashariki mwa Uswisi ya Kijerumani alama zake ni kengele, ngao, waridi na mbegu za mwaloni. Bern, Basel na upande wa wasemao Kifaransa hutumia kopa, uru, shupaza na pau. Basi katalogi ikisema «baa ya Bern» huku mzee ameshika ngao, jiulize nani aliyetunga jina hilo. Mara nyingi ni mwandishi wa katalogi. Jina alilotoa mchoraji, kama lipo, huandikwa kwa penseli au brashi nyuma ya mchoro, pengine kwa lahaja. Askari nao wanasema umri wao: kofia ya chuma ya jeshi la Uswisi ni ya 1918, kwa hiyo askari mwenye kofia hiyo kwenye mchoro wenye tarehe 1912 ni tatizo. Na watawa walevi wengi asili yao ni München, ambako Eduard von Grützner aliwachora maisha yake yote na kuacha waigaji kibao. Mtawa asiye na sahihi inayosomeka, akiwekwa chini ya kichwa «Uswisi, karne ya 20», asikugharimu zaidi ya thamani ya fremu.

Katalogi nyingi ni za Kijerumani, na maneno machache humo yana uzito wa fedha. «Signiert» ni madai kwamba mchoraji mwenyewe aliweka sahihi. «Bezeichnet» ni kwamba jina limeandikwa tu, bila kudai ni mkono wa nani. Ukiona neno hilo, weka dau kana kwamba mchoraji hajulikani. «Zugeschrieben» ni kuhusishwa na mchoraji kwa maoni, na «Umkreis» au «Nachfolger» ni mtu wa karibu naye au aliyemfuata. Maelezo yakitaja namba ya hifadhi ya SIK-ISEA, taasisi ya utafiti wa sanaa iliyoko Zürich tangu 1951, soma sentensi nzima: kusajiliwa kwenye hifadhi hakufanani na kutajwa kuwa kazi halisi. Taasisi hiyo inaendesha pia SIKART, kamusi ya wasanii wa Uswisi iliyo wazi mtandaoni. Anzia humo kuhakiki miaka ya kuzaliwa na kufa, mahali alipoishi mchoraji na mfano wa kazi zake.

Hatua inayofuata ni ripoti ya hali ya mchoro. Kwa loti (kitu kinachouzwa mnadani chini ya namba yake) za bei ndogo haichapishwi, lazima uiombe, na uiombe mapema kwa sababu siku mbili kabla ya mnada wafanyakazi hawana nafasi. Usiombe «ripoti» tu. Omba picha hizi: mgongo mzima bila kufunikwa, pembe nne, sahihi kwa karibu, mchoro ukimulikwa kutoka pembeni, na mchoro chini ya taa ya urujuanimno. Picha ya mwanga wa pembeni huonyesha mabonde, malengelenge na rangi inayobanduka. Chini ya urujuanimno, vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani-njano na sehemu zilizopakwa upya juu yake huonekana kama madoa meusi. Madoa mawili matatu pembezoni hayatishi. Madoa kwenye uso wa mhusika anayechekesha ni habari nyingine, maana tabasamu lenyewe huenda ni la fundi wa marekebisho. Sahihi itazame kwa kioo cha kukuzia: kama wino au rangi yake imetiririka ndani ya nyufa, iliwekwa baada ya nyufa kutokea. Kwa kioo hichohicho tazama kama kuna nukta ndogo za uchapaji. Michoro ya kuchekesha ilichapishwa kwa wingi na kubandikwa kwenye turubai, na vanishi nene ikapakwa juu ili ionekane kama mafuta.

Mgongo una mengi kuliko uso. Turubai iliyofungwa kwa pini za bunduki ya stepla haielekei kuwa ya 1910, isipokuwa imenyooshwa upya. Nyeupe ya titani haikuwapo sokoni kabla ya miaka ya 1920, kwa hiyo kipimo cha maabara kikiikuta kwenye tabaka la awali la mchoro wa 1905, mjadala umekwisha. Ila kipimo hicho kina maana kwa mchoro wa bei kubwa tu. Lebo za maduka ya fremu, mihuri ya wauza turubai na namba za minada ya zamani zipigie picha zote.

Halafu kuna Pavatex, na hapa nitakawia kwa sababu wageni hawaijui na Waswisi huichukulia poa. Ni ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, wa kahawia, uliotengenezwa Uswisi tangu miaka ya 1930. Wachoraji wengi wa katikati ya karne waliupenda kwa sababu ulikuwa rahisi na haukuhitaji kunyooshwa. Upande mmoja ni laini, mwingine una alama ya wavu kama nguo, na wengine walichora upande wa wavu ili upate sura ya turubai. Matatizo yake yanajulikana. Pembe hugongwa zikafumuka tabaka kwa tabaka, na pembe iliyofumuka hunywa unyevu. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hujipinda. Kama mchoraji hakupaka chokaa na gundi ya kutosha kwanza, mafuta huzama kwenye nyuzi na rangi hubaki imefifia, bila kina. Fremu huficha kujipinda kwa milimita chache. Pembe zilizofumuka zinahitaji fundi. Uliza unene na kama kuna fito za kuimarisha nyuma. Mchoro mpana wa zaidi ya mita moja kwenye Pavatex nyembamba bila fito ni kazi ngumu kusafirisha.

Kuhusu uchafu: michoro ya utani iliishi kwenye baa, hoteli na vyumba vya wachezaji karata, na moshi wa miongo ya sigara umeweka utando wa kahawia juu yake. Utando huo mara nyingi husafishika, na chini yake buluu na nyeupe hurudi vizuri kuliko unavyotarajia. Usijaribu mwenyewe kwa sabuni, viazi wala mkate. Mafundi wa kuhifadhi michoro huanza na vijiti vya pamba vilivyoloweshwa kidogo, wakati mwingine kwa mate, ambayo vimeng'enya vyake vinafanya kazi hiyo vizuri. Hutoza kwa saa, na huko Uswisi saa za fundi ni ghali. Mchoro wa faranga 800 ukihitaji siku mbili za mezani, hesabu imeshakataa.

Asili ya umiliki usiiache kwa kuwa mchoro ni wa bei ndogo. Tangu tarehe 1 Juni 2005, sheria ya Uswisi ya uhamishaji wa mali za kitamaduni inawataka wafanya biashara ya sanaa na nyumba za minada kumtambua anayeuza, kupata tamko lake kwamba ana haki ya kuuza, na kutunza kumbukumbu kwa miaka 30. Hawatakupa jina la muuzaji, lakini unaweza kuuliza «mali ya familia ya wapi, tangu lini». Umakini zaidi unahitajika kwa kazi iliyobadilisha mikono kati ya 1933 na 1945. Luzern ndiko nyumba ya mnada ya Galerie Fischer ilikopiga mnada, tarehe 30 Juni 1939, kazi 125 ambazo Wanazi waliziondoa kwenye makumbusho ya Ujerumani, na soko la miaka hiyo lilipokea pia mali za waliokimbia.

Sasa fedha. Bei inayotangazwa nyundo ikigongwa haijawahi kuwa bei unayolipa. Tuchukue mfano wa nyundo ya faranga 2,400 na ada ya mnunuzi ya asilimia 25, kiwango cha kawaida ingawa kila nyumba ina chake. Ada ni 600. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uswisi ni asilimia 8.1 tangu Januari 2024, na kwa loti nyingi hutozwa juu ya ada peke yake: 48.60. Ukipandisha dau kupitia jukwaa la mtandaoni la mtu wa tatu, ongeza asilimia 3 ya nyundo, yaani 72, pamoja na kodi yake, zinafika 77.83. Jumla ni faranga 3,126.43. Loti ikiwa na nyota kwenye katalogi, kodi hutozwa juu ya kila kitu, na jumla inapanda hadi 3,320.83. Kanuni ya haraka kwa loti isiyo na nyota ni kugawa bajeti yako yote kwa 1.3: mwenye 2,600 asivuke nyundo ya 2,000, na hapo usafiri haujaguswa.

Usajili ufanye siku kadhaa kabla. Mnunuzi mpya huombwa nakala ya pasipoti, anwani, na pengine barua ya benki. Una njia nne: kufika ukumbini, simu, mtandao, au dau la maandishi. Kwa aliye mbali nalipendelea dau la maandishi. Nyumba itapandisha kwa niaba yako hadi kikomo chako na si lazima kikomo kifikiwe. Madau mawili yakilingana, lililotangulia kupokelewa ndilo linaloshinda. Weka kikomo kisicho mviringo, kama 2,100 badala ya 2,000, maana wengi husimama kwenye namba nzima. Ukiamua kufuata moja kwa moja, angalia saa. Wakati wa baridi Afrika Mashariki iko mbele ya Uswisi kwa saa mbili, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba tofauti ni saa moja. Mnada wa saa nane mchana wa Bern mwezi Mei ni saa tisa Nairobi na Dar es Salaam. Mwezi Novemba ni saa kumi. Misimu mikubwa inaangukia pande zote mbili za mabadiliko hayo, na watu hukosa loti kwa sababu hiyo tu.

Ukumbini loti sitini au zaidi hupita kwa saa moja, kila moja kwa dakika moja au chini yake. Loti ya kuchekesha inapoonyeshwa kwenye skrini, watu hucheka, na kicheko hicho huamsha mikono ambayo haikupanga kunyooka. Bei hupanda hatua mbili tatu kwa furaha tupu. Moyo unakwenda mbio, unahisi yule wa kwenye simu anakunyang'anya kitu chako. Siku ya pili ankara ikija, furaha yote imehamia kwenye namba. Andika kikomo chako kwenye karatasi na ukiweke mbele ya macho; ukikifikia, funga kompyuta. Kushindwa nako kunauma, tena kwa siku kadhaa, lakini uchungu huo hautozwi ada.

Isitoshe, michoro mingi ya namna hii hukosa mnunuzi. Nyumba nyingi za Uswisi huwa na mauzo ya baada ya mnada, na loti iliyokwama huweza kupatikana kwa kiwango cha chini cha makisio, wakati mwingine pungufu ya hapo kama muuzaji atakubali. Andika barua pepe siku hiyohiyo au kesho yake, utaje namba ya loti na kiasi unachotoa. Ada ya mnunuzi iko palepale.

Malipo ni kwa uhamisho wa benki. Chagua wewe mtumaji ubebe gharama zote za uhamisho. Ukiziacha zikatwe njiani, fedha zitafika pungufu kwa faranga ishirini na mchoro hautatolewa. Muda wa kuchukua bila tozo ya hifadhi ni mfupi, kwa hiyo msafirishaji awe amepatikana kabla ya mnada. Kwa kuupeleka nje ya Uswisi, tamko la forodha la kusafirisha nje ndilo ushahidi wa kurudishiwa kodi ya Uswisi; mwambie msafirishaji kwa maandishi kwamba unalihitaji, kwani likikosekana hakuna wa kulitengeneza baadaye. Namba ya forodha ya mchoro uliochorwa kwa mkono ni 9701, na tangu 2022 ile isiyozidi miaka 100 iko 9701.91. Ujerumani hutoza asilimia 7 kama kodi ya kuingiza sanaa, Ufaransa 5.5, Uingereza 5. Kenya kiwango cha kawaida cha VAT ni 16 na Tanzania Bara 18, na hesabu inaanzia bei pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha mwulize wakala wako kabla ya kupandisha dau. Sanduku la mbao ghafi liwe na muhuri wa ISPM 15, yaani mbao zimepashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, la sivyo linaweza kuzuiwa bandarini. Kwa mchoro mdogo, sanduku na ndege vinaweza kuzidi nyundo, hivyo omba makadirio kwanza.

Ukifika pwani, Mombasa au Tanga, sanduku likae chumbani saa 24 kabla ya kufunguliwa ili joto na unyevu visawazike taratibu. Turubai iliyopakwa gundi ya wanyama hulegea kwenye unyevu wa juu, kisha hukaza. Pavatex huvimba kingo. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, weka vipande vya koki (kama ya vizibo vya chupa za mvinyo) nyuma ya pembe za chini za fremu ili hewa ipite, na kagua mgongo kila baada ya masika uone kama kuna ukungu.

Jambo moja huwashtua wenye migahawa, ambao ndio wateja wakubwa wa michoro hii. Ukishanunua, mchoro ni wako lakini haki ya kuuchapisha si yako. Uswisi hulinda hakimiliki kwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii: kazi za Buri ziko huru, za Varlin zinalindwa hadi mwisho wa 2047, za mchoraji Alois Carigiet hadi 2055, za Dürrenmatt hadi 2060. Kuwatia wazee wa karata kwenye menyu, fulana au kadi kunahitaji ruhusa ya warithi au ya ProLitteris, shirika la Zürich linalosimamia haki za wasanii wengi wa huko. Ombi hutumwa na picha, ukubwa wa chapa na idadi ya nakala, na bei hupangwa kwa vipimo hivyo.